Mlitufundisha maswali manne, la tano mkaliruka

Kwa wakuu wa shule na idara za uandishi wa habari na mawasiliano kwa umma vyuoni, na kwenu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) mnaoidhinisha mitaala yao.

Walimu wangu, shikamooni.

Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Wiki mbili zilizopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne na nusu. Ukiondoa salamu, umbea wa bwenini na ombi la bando, swali lilikuwa moja: "Shangazi, nikijaza mawasiliano kwa umma kama wewe, nitakuja kufanya kazi gani?"

Sijamjibu mpaka leo. Nimeanza mara tatu nikafuta, kwa sababu kila nikiandika naona najibu kwa niaba yenu. Nikaona heri niwaandikie wenyewe.

Mimi ni zao lenu. Nilihitimu shahada ya mawasiliano kwa umma mwaka 2014, nikazunguka Kanda ya Ziwa miaka minne kama mwandishi wa kujitegemea, korospondenti, nikilipwa kwa habari iliyotoka gazetini na si kwa habari niliyoandika. Baadaye nikaajiriwa kuwa afisa uhusiano katika mamlaka moja ya maji, na ndiko niliko. Sina ugomvi na fani. Imenilisha, na kwa fani hiyo nimewasomesha wadogo zangu wawili. Nina neno na namna mnavyoifundisha.

Muhula wa kwanza mlitukaririsha Harold Lasswell, Mmarekani aliyeandika mwaka 1948 kwamba ukitaka kuyaelewa mawasiliano, jiulize: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake ni nini. Mtihani ule nilifanya vizuri sana. Nilipoingia kazini ndipo nilipong'amua kwamba kati ya maswali yale matano mlitufundisha manne. "Nani" tulisoma: mwandishi, mhariri, mmiliki wa chombo. "Njia" tulisoma mpaka tukachoka, redio, gazeti, televisheni, na mwaka wa tatu mtandao kidogo. "Kwa nani" na "matokeo" vilikuwa na nadharia zake, kila moja na mzungu wake. "Nini" haikuwa na somo. Nadhani mlitegemea tutaiokota njiani.

Niliiokota, ila kwa aibu. Mwaka wangu wa pili wa ukorospondenti nilikwenda kwenye kikao cha baraza la madiwani kilichojadili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Mwenyekiti akasimama akatangaza kwamba halmashauri imepata hati safi. Madiwani wakagonga meza, mkurugenzi akatabasamu, mimi nikaandika. Habari ikatoka na kichwa kinachosema halmashauri imeng'ara kwa matumizi mazuri ya fedha za umma. Niliikata ile kurasa nikaibandika ukutani.

Kesho yake nikapigiwa simu na mzee mmoja, mhasibu mstaafu, ambaye namba yangu aliipata sijui wapi. Hakunigombeza. Aliuliza, "Mwanangu, ile ripoti umeisoma, au umesikiliza hotuba?" Nikajiuma ulimi. Akanieleza taratibu kwamba hati safi maana yake hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi kwamba zahanati imejengwa kwa bei yake. Haisemi hakuna aliyekula. "Fungua kurasa za nyuma," akasema. Nikafungua. Kulikuwa na mapato yaliyokusanywa na hayakupelekwa benki, na mikopo ya vikundi vya wanawake na vijana ambayo haikurejeshwa. Yote yako pale, yameandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza cha kawaida kabisa, na mimi mwenye shahada ya kupasha watu habari nilikuwa nimeipasha wilaya nzima kinyume chake.

Mhariri naye hakuliona kosa. Naye alisoma kwenu.

Mtasema hilo ni la mtu mmoja mvivu. Hebu basi chukueni magazeti na redio za mwezi wowote Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapotoa taarifa ya mfumuko wa bei. Mfumuko ukitoka asilimia 5 kwenda asilimia 4, hamtakosa mtangazaji anayewaambia akina mama kwamba bei zimeshuka. Bei hazijashuka. Zinaendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo kuliko zamani. Mama anayetoka sokoni na kikapu chake anajua kwamba unga haukushuka, kwa hiyo anachohitimisha ni kwamba serikali inamdanganya na redio inashirikiana nayo, wakati kumbe hakuna aliyemdanganya. Kuna mtu tu hakuelewa alichokuwa anakisoma hewani. Na nitasema ukweli wetu sisi wa mchepuo wa HKL na HGL: wengi tulikimbilia mawasiliano kwa sababu tulikuwa tunakimbia hesabu. Mlitupokea kwa mikono miwili, miaka mitatu hamkutuonyesha hata asilimia moja ubaoni, kisha mkatukabidhi nchi yenye bajeti, sensa na uchaguzi.

Haikuwa hivi zamani, ingawa sipendi kusifia zamani bila sababu. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, na mwaka 1966 akakabidhiwa uhariri wa The Nationalist na Uhuru, baadaye Daily News. Mwandishi Jenerali Ulimwengu, Jenerali likiwa jina lake na si cheo, alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wa namna hiyo waliingia chumba cha habari wakiwa tayari wanajua kitu, wakajifunza kukisema. Mafunzo ya uandishi nayo yalikuwepo, pale Nyegezi, Mwanza, palipokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, na kile chuo cha serikali cha Dar es Salaam, TSJ, ambacho leo ni shule ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini redio ilikuwa moja ya taifa, magazeti yakihesabika, na nafasi zilikuwa chache. Sheria ya mwaka 1993 ilipowafungulia watu binafsi milango ya utangazaji, redio zikafumuka. Leo zimepita 200. Vyuo navyo vikafumuka kuzilisha, na mtaala uliotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kukaa RTD, ile redio ya taifa, maisha yake yote ukanakiliwa chuo hadi chuo.

Sasa sheria imewapa ninyi funguo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeufanya uandishi kuwa kazi ya kitambulisho, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliwapa waliokuwa kazini miaka mitano wajipatie angalau stashahada. Bodi ya Ithibati, inayotoa vitambulisho hivyo, inauliza cheti. Sibishani na wazo la kwamba kazi hii inahitaji elimu. Ila tazameni tulikofika: daktari aliyetibu malaria miaka ishirini na anayejua kuandika, akitaka kitambulisho cha mwandishi ataulizwa cheti cha habari kiko wapi. Kijana asiyejua tofauti ya virusi na bakteria, lakini mwenye stashahada yenu, anapita getini. Kama ni lazima kila mmoja apite kwenye mikono yenu, basi mikono yenu imebeba mzigo ambao zamani ulibebwa na idara zote za chuo kikuu.

Na si mzigo wa kubuni. Machi 2023 kule Kagera watu walipoanza kufa, kilichovuma kwanza ni "ugonjwa usiojulikana". Baadaye ikathibitishwa ni Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha mwanzoni mwa Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 wamefariki. Katika wiki kama zile, mtu muhimu kuliko wengi ni yule anayeshika maikrofoni ya redio ya hapo hapo mjini: aseme kwamba ugonjwa unaambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwilini ya mgonjwa au maiti, aseme kwa nini mazishi lazima yabadilike kwa muda, na aseme kwa namna ambayo waliofiwa hawatajiona wametukanwa. Hiyo ni kazi ya mawasiliano kwa umma, tena ndiyo kazi yenyewe. Niambieni ni somo gani katika mtaala wenu lingemwandaa mtu huyo.

Nirudi kwa swali la binti yetu, maana anauliza kazi.

Darasa letu tuna kundi la WhatsApp. Siku za misiba na harusi ndipo unapojua nani yuko wapi. Walio kwenye vyumba vya habari mpaka leo wanahesabika kwa vidole. Wengine? Mmoja ni MC wa sherehe, na msimdharau, anakodiwa mpaka Dodoma na Arusha na kipato chake kinamshinda mhariri yeyote ninayemjua. Wawili wanaendesha kurasa za mitandao ya kijamii za benki, kazi ya kujibu matusi kwa upole kuanzia asubuhi. Kuna maafisa habari wa halmashauri watatu, walioingia kwa kuomba kupitia Sekretarieti ya Ajira mara tano, mara sita. Mmoja anapiga picha za harusi kwa droni. Mwingine ana chaneli yake ya televisheni ya mtandaoni, naye ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 2018 kanuni zilipotoka na ada ya leseni ya Sh 1,000,000, bila kuhesabu ada ya maombi, ndipo alipojua kwamba kumbe kuna TCRA ya leseni za mawasiliano, BRELA ya kusajili biashara na TRA ya kodi katika fani hii, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwataja. Wachache wanauza vifaa vya simu. Wapo walionyamaza kabisa kundini, na huwa hatuwaulizi.

Nimewatazama miaka yote hii nikajaribu kuona kilichowatenga waliotulia na wanaohangaika. GPA sio. Sauti nzuri nayo sio, na mlituambia sauti ni mtaji. Walio imara ni wale wenye kitu cha pili. Mmoja alikuwa na cheti cha uuguzi kabla hajaja chuo. Leo anaongoza mawasiliano ya mradi wa afya ya mama na mtoto, na wakubwa zake wanamsikiliza kwa sababu anajua anachokisema. Mwingine amekulia kwenye mifugo. Yuko redio jamii, na wafugaji humpigia simu yeye kabla ya kumpigia bwana mifugo. Kitu hicho cha pili hamkuwapa ninyi. Walikuja nacho kutoka nyumbani, au walikilipia kwa miaka ya kuaibika kama mimi.

Mimi changu ni maji. Wiki ya kwanza kazini nilipewa nitoe taarifa kwa vyombo vya habari kwamba upotevu wa maji umefikia asilimia kadhaa. Nikaandika kama nilivyofundishwa, jambo zito juu, aya fupi, nukuu ya mkurugenzi. Jioni simu za wateja zikawaka moto: maji yanaibwa na nani? Nikakimbilia kwa fundi mmoja wa mabomba, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Akanipandisha kwenye gari lake la doria. Siku nzima akanionyesha: hapa bomba limechakaa linavuja chini ya ardhi, hapa dira ya maji imezeeka inasoma pungufu, hapa mtu kajiunganishia usiku. Yote hayo pamoja ndiyo upotevu. Sehemu ya maji yale wala hayakupotea, yalinywewa vizuri tu na dira haikuyaona. Niliporudi ofisini nikaandika upya, nusu ukurasa, kwa maneno ya yule mzee. Simu zikapungua. Tangu siku ile mhandisi akiniletea ripoti namuuliza mpaka anikimbie.

Siku moja garini na fundi wa mabomba imenisaidia kazini kuliko muhula wangu wote wa nadharia za athari za vyombo vya habari. Najua kauli hiyo itawaudhi. Ni ya kweli hata hivyo.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Theluthi ya masomo ya shahada hii ichukuliwe nje ya idara, tena katika fani moja, si kudokoa huku na huku. Mwanafunzi achague mwaka wa kwanza: uchumi, sheria, afya ya jamii, kilimo, mazingira, na akae humo hadi ahitimu, akifanya mitihani ile ile wanayofanya wenyeji wa fani hiyo. Na takwimu za msingi ziwe za lazima kwa wote, hasa sisi waoga. Najua mtaniambia kuhusu idadi ya kozi, madarasa kujaa, na idara nyingine kutotaka wanafunzi wetu. Ni kweli, sisi tunachekwa huko. Tutaacha kuchekwa tukifaulu mitihani yao.

Nafasi mtaipata mkitaka. Nilisoma historia ya vyombo vya habari katika masomo matatu tofauti, kila mwalimu akianzia kwa Gutenberg na mashine yake ya kuchapa.

Kuna hili la lugha pia. Insha zangu zote chuoni niliandika kwa Kiingereza. Habari yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya Kiswahili, na mhariri aliirudisha mara tatu akisema, "Hii umetafsiri, hujaandika." Alikuwa sahihi. Redio zetu karibu zote ni Kiswahili, Bunge linajadili kwa Kiswahili, mteja wangu wa maji analalamika kwa Kiswahili, tena kitamu. UNESCO imekipa Kiswahili siku yake, 7 Julai, na Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, kwa hiyo ukalimani na tafsiri vimekuwa ajira kweli. Katika shahada nzima niliandika habari za Kiswahili labda nne, kwa hiari ya mwalimu mmoja aliyeona huruma. Kwa nini nusu ya kazi za vitendo zisiwe za Kiswahili, zikasahihishwa kwa ukali ule ule?

Fildi, yale mafunzo kwa vitendo, sitaigusa kwa urefu, maana mnaijua. Wiki nane, nauli ya mwanafunzi, msimamizi anakuja mara moja na fomu, anasaini, anaondoka na soda. Miaka hii ni mimi ninayewapokea vijana wenu, watatu au wanne kila msimu. Wana uwezo ambao sisi hatukuwa nao. Wanakata video kwenye simu wakiwa wamesimama kwenye daladala. Lakini juzi nilimpa mmoja agizo la EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, la bei za maji, nikamwambia anieleze mtu wa kipato cha chini atalipa ngapi kwa mwezi. Akalishika lile karatasi kama ameshikishwa mtoto wa mtu, akanirudishia: "Dada, mimi nipo upande wa habari." Nilimwonea huruma, kwa sababu jibu lile nalijua. Mimi mwenyewe nusura nimjibu hivyo hivyo yule mhasibu mstaafu.

TCU na NACTVET, kwenu nina ombi dogo. Kabla ya dirisha la udahili, kila chuo kinachotaka wanafunzi wa fani hii kiweke hadharani wahitimu wake wa miaka mitano iliyopita wako wapi na wanafanya nini, pamoja na MC na muuza vifaa vya simu. Vijana wanachukua mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi ambao utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi wakipata mshahara. Korospondenti hana mshahara wa kukatwa, ana deni tu. Mwenye kukopa ana haki ya kuona anachokinunua, na mkifanya hivyo nadhani vyuo vyenyewe vitaubadilisha mtaala kabla hamjavilazimisha.

Ule ujumbe wa dakika nne na nusu bado uko kwenye simu yangu. Mkinijibu kabla dirisha halijafungwa, nitamtumia jibu lenu kama lilivyo, silipunguzi neno. Msiponijibu nitamwambia ajaze sheria, na uandishi nitamfundisha mwenyewe, jioni, mezani kwangu, tukianza na ripoti ya CAG, kurasa za nyuma.

Mwanafunzi wenu,
mhitimu wa mwaka 2014